Kibali kwanza, tiketi baadaye: maswali yenu ya safari wakati wa janga

Tangu homa ya Marburg itangazwe Kagera Januari 2025, na Ebola itangazwe Uganda kabla mwezi huo haujaisha, barua za wasomaji walioko Ghuba na Ulaya zimeongezeka. Karibu zote zinauliza jambo moja: anga likifungwa tena kama 2020 wakati wa korona, mtu wa ughaibuni atapita wapi? Milipuko ile miwili ilizimwa bila viwanja vya ndege kufungwa, ila wasiwasi wenu una msingi. Tumechagua barua tisa na kuzijibu kwa yale yaliyotokea kati ya 2020 na 2022, maana serikali zikibanwa hurudia mbinu zilezile.

SWALI: Asalaam aleikum wahariri. Mimi ni fundi umeme Sohar, na kila mwaka nakuja likizo Tanga miezi miwili. Mwaka 2020 mwenzangu alikwama nyumbani mpaka bataka yake (kadi ya ukaazi) ikafa. Janga likirudi nami niko huku, nitaingiaje Oman?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yetu. Anza na hesabu iliyomkwamisha mwenzako. Oman ilisimamisha ndege za abiria 29 Machi 2020 ikazirudisha 1 Oktoba. Hizo ni siku 186. Kanuni ya kawaida ya huko ni kwamba mwenye ukaazi akikaa nje zaidi ya siku 180, ukaazi wake unaanguka. Kwa hiyo hata aliyetoka Muscat siku moja kabla ya anga kufungwa alikuta ameshapitiliza, bila kosa lake. Aliyetoka Februari ndiyo usiseme. Serikali ilitoa nafuu: waliopitisha siku 180 waliweza kurudi kwa maombi ya kafili (mwajiri anayekudhamini), na ukaazi uliweza kuhuishwa huku mwenyewe akiwa nje. Lakini angalia nani anashika ufunguo. Ni kafili. Wewe ukiwa Tanga huna dirisha la kwenda kusimama.

Basi kazi yote inafanyika kabla hujapanda ndege ya likizo. Bataka iliyobakiza chini ya miezi sita ihuishwe kwanza, hata kama tarehe haijafika na mwajiri anakwambia subiri. Pasipoti nayo iwe na zaidi ya mwaka mmoja, kwa sababu ukaazi hauhuishwi kwenye pasipoti inayokaribia kufa, na foleni ya Uhamiaji wakati wa janga ni habari nyingine. Pata barua ya kazi yenye tarehe za likizo na namba ya simu ya afisa anayeshughulikia makaratasi ya wafanyakazi kwenye kampuni, si ya meneja tu. Meneja hubadilika, yule wa makaratasi ndiye anayejua mfumo wa polisi, ambao ndio wanaoshughulikia ukaazi Oman, unafunguliwaje.

La mwisho wengi hulisahau: laini yako ya simu ya Oman. Huduma za serikali na benki hutuma namba ya siri ya kuthibitisha kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Laini isiyowekwa salio hukatwa, na ikikatwa umefungiwa nje ya akaunti yako mwenyewe. Iwashie huduma ya kutumika nje ya nchi kabla hujaondoka, na uwe unaiongezea salio dogo ukiwa huku.

Tahadhari moja kutoka kwa majirani. Falme za Kiarabu zilitangaza kwamba viza za ukaazi zilizoisha baada ya 1 Machi 2020 zingehesabika hai hadi mwisho wa mwaka. Julai ya mwaka uleule uamuzi ukafutwa na siku za nafuu zikaanza kuhesabiwa. Waliojilaza wakingoja Desemba walishtukia faini. Nafuu ikitangazwa, itumie wiki hiyohiyo.

SWALI: Masaa 72 ya kipimo cha PCR cha korona yanahesabiwa kutoka wapi mpaka wapi? Nilirudishwa kaunta nikiwa na cheti hasi. (Mwuguzi, Mombasa, anayefanya kazi Dubai)

JIBU: Pole dada. Hapa ndipo wengi walianguka, na mara nyingi ni kwa masaa mawili matatu.

Saa huanza kukimbia pale kijiti kinapotoka puani, si pale majibu yanapotoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya nchi nyingi, na cheti kizuri huandika saa zote mbili. Mwisho wa hesabu ndio uliobadilika: nchi nyingine zilihesabu mpaka ndege ya kwanza inaporuka, nyingine mpaka unapotua. Tuchukue mfano. Sampuli imechukuliwa Jumanne saa nne asubuhi. Ndege inatoka Nairobi Ijumaa saa mbili asubuhi na kutua Dubai saa nane mchana kwa saa za kule, yaani saa saba za Nairobi. Mpaka kuruka ni masaa 70, umepita. Mpaka kutua ni masaa 75, hupiti. Cheti kilekile, abiria yuleyule.

Dawa yake ni kupima masaa 48 kabla ya kuruka, si 72. Ndege ya Ijumaa saa mbili asubuhi, sampuli iwe Jumatano asubuhi. Majibu yanatoka Alhamisi, na unabaki na siku nzima ya akiba kama ndege itachelewa. Ukipima mapema kuliko hapo umekula akiba. Ukichelewa zaidi, maabara ikielemewa unafika uwanjani mikono mitupu.

Halafu kisome cheti kabla hujatoka mlango wa maabara. Majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti na kwa mpangilio uleule. Vituo vingi huandika majina mawili wakati pasipoti ina matatu. Namba ya pasipoti herufi kwa herufi: O na 0 zimewagharimu watu safari. Tarehe ya kuzaliwa, aina ya kipimo (cha haraka hakikukubaliwa mahali pa PCR), na ile alama ya mraba ya kuskani, ambayo lazima ifunguke kwenye simu. Dubai haikufanya mzaha na alama hiyo, na sababu ilikuja kuonekana wazi. Desemba 2021, baada ya tuhuma za vyeti vya kughushi, safari kutoka Kenya zilisimamishwa. Januari 2022 Kenya nayo ikazuia ndege za abiria kutoka Falme za Kiarabu. Waliolipia ni wafanyakazi wenye vyeti halali.

Kwa nchi kadhaa Dubai iliongeza kipimo cha pili cha haraka uwanjani, masaa machache kabla ya kuruka. Uwanja usiokuwa na mashine hiyo haukuweza kukupakia hata ukiwa na kila kitu. Ikitokea tena, uliza shirika la ndege: mashine ipo uwanja gani, inafunguliwa saa ngapi, inalipiwa kwa fedha taslimu au kwa kadi?

Na kama uliugua karibuni, jua kwamba PCR inaweza kuendelea kutoa chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Jipime mapema, wiki mbili tatu kabla ya safari, kabla hujalipia tiketi isiyorudishwa.

SWALI: Naishi Leicester, wazazi wako Dar. Mwaka 2021 nilishindwa kuelewa nipite njia gani kurudi. Kila njia ilikuwa nyekundu. Kulikuwa na ujanja?

JIBU: Ujanja haukuwepo mwingi, ila tukieleza jinsi mtego ulivyofungwa utauona mapema ukirudi.

Uingereza iliiweka Tanzania kwenye orodha nyekundu (nchi ambazo wasafiri wake walizuiwa au kuwekwa karantini) Januari 2021. Mwisho wa mwezi huo zikafuata Falme za Kiarabu, Rwanda na Burundi. Tarehe 19 Machi zikaingia Ethiopia, Oman, Qatar na Somalia. Tarehe 9 Aprili ikaingia Kenya, na Mei ikaingia Uturuki. Sasa tazama ramani ya mtu wa Dar: Dubai, Kigali, Addis Ababa, Muscat, Doha, Nairobi, Istanbul. Milango yote ambayo sisi hupitia ilipakwa rangi moja ndani ya miezi minne.

Kanuni iliyowauma watu ni kwamba haikuuliza umeondoka wapi tu. Iliuliza umekuwa wapi, *au umepita wapi*, ndani ya siku 10. Kubadilisha ndege Doha bila kutoka nje ya jengo kulihesabika. Hivyo aliyetoka nchi isiyo nyekundu, akachagua tiketi ya bei nafuu kupitia Doha, alijitia mwenyewe kwenye karantini ya hoteli: siku 10, pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja, ikapandishwa hadi 2,285 Agosti 2021. Na waliokuwa na ruhusa hata ya kuingia kwa njia hiyo ni raia wa Uingereza na Ireland na wenye haki ya ukaazi. Kenya ilitolewa kwenye orodha 22 Septemba, Tanzania 11 Oktoba.

Kwa hiyo kila safari ina sheria za nchi tatu: unakotoka, unakopita, unakokwenda. Nchi ya kati ndiyo ambayo watu huidharau. Ukiwa na tiketi moja ya safari nzima, mzigo unapelekwa hadi mwisho na unabaki ndani ya eneo la abiria wa kuunganisha. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali ili kuokoa dola mia, mara nyingi itakubidi upite uhamiaji wa nchi ya kati, uchukue begi na ukachekiwe upya. Hapo unakuwa umeingia nchi hiyo, na masharti yake yote (viza, kipimo, karantini) yanakuhusu. Tena ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili hulidai chochote. Wakati wa janga, tiketi mbili ni uchumi wa kujidanganya.

Ukitaka kujua kaunta itaamua nini, jua inasoma wapi. Mashirika mengi hutumia Timatic, kanzidata ya masharti ya kuingia nchi mbalimbali inayoendeshwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani. Shirika likikupeleka bila karatasi sahihi hutozwa faini na kulazimika kukurudisha, ndiyo maana msichana wa kaunta hawezi kukuonea huruma. Mashirika kadhaa yana ukurasa wa kuangalia masharti hayohayo. Ingiza uraia, ukaazi, njia na tarehe, halafu chapisha majibu. Rudia siku mbili kabla ya safari, na tena asubuhi ya safari.

Usisahau pia kwamba si kila kufungwa kunatokana na ugonjwa. Tarehe 1 Agosti 2020 Kenya ilifungua anga lake na Tanzania haikuwemo kwenye orodha ya nchi zilizokubaliwa. Tanzania ikajibu siku hiyohiyo kwa kuizuia Kenya Airways, na mwisho wa mwezi mashirika mengine matatu ya Kenya. Mpaka mambo yanasawazishwa katikati ya Septemba, tiketi ya Dar kwenda Ulaya kupitia Nairobi ilikuwa karatasi tu.

SWALI: Wakala ananiambia nikikaa siku 14 nchi ya tatu nitaingia Saudia hata Uganda ikifungiwa. Ni kweli? (Dereva, Kampala)

JIBU: Ilikuwa kweli wakati ule, na ndiyo njia ya hatari kuliko zote. Saudia mwaka 2021 ilizuia wanaotoka, au waliopita ndani ya siku 14, kwenye nchi ilizozitaja. Ikafuata kwamba aliyekaa siku 14 nchi isiyotajwa aliruhusiwa. Watu wakajaa Dubai na Addis Ababa wakihesabu siku. Kisha, kuanzia usiku wa 4 Julai 2021, Saudia ikaziongeza Falme za Kiarabu na Ethiopia kwenye orodha. Aliyekuwa siku ya 12 Addis alibaki na bili ya hoteli, tiketi isiyotumika na siku 14 nyingine za kuanza kwingine.

Kama huna njia nyingine, bajeti iwe ya siku 30, si 14. Hakikisha viza ya nchi ya tatu ina urefu huo. Chagua nchi yenye ndege ya moja kwa moja mpaka Riyadh au Jeddah, kwa sababu kituo cha kati kinaweza kukuharibia siku 14 zote. Tunza muhuri wa kuingia, risiti za hoteli na za simu. Ndio ushahidi wa siku ulizokaa. Kabla ya yote, kafili aangalie kwenye Absher (mfumo wa serikali ya Saudia mtandaoni) kama iqama (kibali cha ukaazi) na viza yako ya kutoka na kurudi ziko hai mpaka tarehe ya kuingia. Wapo waliomaliza siku zao 14 vizuri kabisa wakakuta viza imekufa siku ya 10.

Na mwulize wakala wako swali moja: njia ikifungwa nikiwa katikati, nani analipa? Ukisikia "usijali", jijali.

SWALI: Mdogo wangu anafanya kazi za ndani Riyadh. Mkataba umeisha, tajiri wake ana pasipoti yake na anasema ndege hakuna. Nifanyeje nikiwa Zanzibar?

JIBU: Dada, tenganisha mambo matatu yaliyofungwa pamoja: ruhusa ya kutoka, pasipoti, na ndege. Tajiri anataja la tatu ili usiulize la kwanza.

Ruhusa ni *khuruj nihai*, viza ya kutoka moja kwa moja, na inaombwa na kafili kwenye mfumo. Ikishatolewa ina siku 60 za kutumika. Bila hiyo, hata tiketi ya daraja la kwanza haimtoi. Kwa hiyo swali la kumwuliza tajiri si "ndege ipo lini" bali "khuruj imetoka tarehe ngapi". Aombe picha ya ukurasa huo.

Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, si ya tajiri. Akikatalia, ubalozi unaweza kutoa hati ya dharura ya kusafiria. Wewe uliye Zanzibar unaweza kusaidia sana hapa: tafuta nakala ya pasipoti, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chake, piga picha safi zisizokatwa kingo, utume ubalozini pamoja na namba yake ya iqama, jina la kafili na mtaa anaoishi. Ubalozi ukipata barua isiyo na namba ya iqama huanza kutafuta mtu kwenye mji wenye mamilioni.

Hati ya dharura ni ya safari moja, na kaunta za nchi za kupitia huweza kuikataa. Mtafutie ndege ya moja kwa moja, au yenye kituo kimoja ambacho shirika limethibitisha kwa maandishi kwamba linaipokea hati hiyo. Na hati hiyo haichukui nafasi ya khuruj. Madai ya mshahara yapelekwe ofisi ya kazi kabla hajapigwa muhuri wa kutoka. Akishatua Kisauni, uwanja wa ndege wa Zanzibar, kuyafuata ni kazi ngumu.

Kwa walioko Oman: serikali zikibanwa hufungua dirisha la msamaha. Oman ilifungua lake 15 Novemba 2020, mtu aliyepitisha muda aondoke moja kwa moja bila kulipa faini, na dirisha likaongezwa muda mara kadhaa hadi 2021. Anayeingia dirisha hilo huondoka moja kwa moja. Si likizo.

SWALI: Kuna mtu anauza viti vya "ndege maalumu ya kurudisha raia" kwenye kundi la WhatsApp. Tutajuaje kama ni kweli?

JIBU: Ndege za namna hiyo zilikuwepo kweli. Mei 2020 Kenya Airways ilichukua Wakenya London, Mumbai na Guangzhou, na abiria walijilipia nauli, kipimo na karantini. Bei huwa juu kwa sababu ndege inakwenda tupu upande mmoja. Bei kubwa peke yake si dalili ya utapeli. Bei ndogo ndiyo dalili.

Ndege ya kukodi haipati ruhusa ya kutua bila mamlaka za anga za nchi zote mbili, na ubalozi huwa na orodha ya abiria. Piga simu ubalozini kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, si iliyo kwenye kundi. Uliza: ndege hii mnaijua, na jina langu limo?

Ukishauziwa tiketi ya shirika la kawaida, iangalie. Namba ya bukingi ina herufi na tarakimu sita. Namba ya tiketi yenyewe ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar Airways. Namba ya bukingi bila namba ya tiketi maana yake kiti kimeshikwa lakini hakijalipiwa, na mfumo utakiachia baada ya muda. Huo ndio mchezo wao mkubwa: anakushikia kiti, anakutumia karatasi nzuri, anapokea pesa yako, na baada ya siku kiti hakipo. Ingia mwenyewe tovuti ya shirika, weka bukingi na jina la ukoo. Kama hakuna neno la kuthibitisha kwamba tiketi imetolewa, usitume hata shilingi.

SWALI: Shirika lilifuta safari, wakala ananipa vocha, mimi nataka pesa yangu. (Manchester)

JIBU: Jambo la kwanza ni nani aliyefuta. Shirika likifuta safari inayoondoka Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya, sheria inakupa uchaguzi wa kurudishiwa pesa ndani ya siku 7 au kupelekwa kwa njia nyingine. Vocha ni kwa ridhaa yako tu. Hali ni hiyohiyo ukisafiri kwenda huko na shirika la huko. Ile fidia ya ziada ya kuchelewa au kufutiwa kwa kawaida huipati wakati wa janga, kwa kuwa tukio liko nje ya uwezo wa shirika. Ila nauli yako ni yako, na ukichagua kusubiri safari nyingine, chakula na malazi ni juu yao.

Ukifuta mwenyewe, unahukumiwa na masharti ya tiketi. Ndiyo maana usiwe mwepesi wa kubonyeza. Ukiona dalili kwamba safari itafutwa, ngoja mpaka karibu na siku yenyewe. Lakini usivushe saa ya kuruka bila kufanya chochote: asiyetokea bila taarifa huhesabiwa ametelekeza tiketi, na kipande cha kurudi nacho hufutwa. Hata tiketi isiyorudishwa mara nyingi ina kodi za uwanja zinazorudishwa kama hukuruka. Ziombe kwa jina.

Ukiwa umenunua kwa wakala, pesa hurudi kwa wakala kwanza. Mwaka 2020 mashirika kadhaa yalifunga njia ya kawaida ya kurejesha kwenye mifumo ya mawakala, ikabidi kila ombi lijazwe fomu na lisubiri. Kwa hiyo wakala anayesema "bado" anaweza kuwa mkweli. Mwombe namba ya ombi la marejesho na tarehe aliyolituma, kisha liulize shirika. Hana namba? Basi hajatuma. Aliyelipa kwa kadi ana njia ya kuidai benki irudishe muamala. Aliyetuma kwa simu au kutoa taslimu hana kinga hiyo, na ni sababu tosha ya kulipa kwa kadi wakati wa misukosuko.

SWALI: Mzee wangu alichanjwa Goma, nami niko Brussels. Kadi yake ilikataliwa 2021. Kwa nini, wakati chanjo ni ileile?

JIBU: Dozi nyingi zilizofika Congo na Kenya mapema 2021 zilikuwa Covishield, AstraZeneca iliyotengenezwa India. Cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya kilipoanza Julai 2021 kiliitambua ya Ulaya, si hiyo, ingawa nchi moja moja zikaanza kuikubali. Kwa hiyo kadi iandikwe jina la chanjo, kiwanda, namba ya toleo na tarehe za dozi zote, kwa Kiingereza au Kifaransa. Na cheti cha homa ya manjano mzee asikiache nyumbani: huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni cha maisha. Afisa akidai kimeisha baada ya miaka kumi, mwonyeshe tarehe kwa upole.

SWALI: Nitajuaje wakati wa kuondoka umefika? Sitaki kukimbia bure wala kukwama. (Mwalimu, Muscat)

JIBU: Tazama muda uliopatikana mara ya kwanza. Rwanda ilitangaza 18 Machi 2020 na kufunga usiku wa tarehe 20. Uganda ilitangaza Jumamosi, ikafunga Jumapili usiku. Kenya ilitoa siku tatu. Desemba ya mwaka ule Oman ilitangaza tarehe 21 na kufunga mipaka yote tarehe 22, kwa wiki nzima. Ukingoja tangazo una kati ya siku moja na tatu, na maelfu wanagombania viti vilevile.

Kwa hiyo amua kwa alama zinazotangulia tangazo: nchi jirani zinapoanza kufunga moja moja, shirika lako linapounganisha safari za kila siku ziwe mbili kwa wiki, kibali cha kuingia kinapoanza kudaiwa hata kwa wenye ukaazi. Mbili kati ya hizo zikitokea, na una mgonjwa nyumbani, mkataba unaoisha ndani ya miezi mitatu, au akiba isiyotosha miezi miwili bila mshahara, kata tiketi. Kama huna hata kimoja na bataka yako ni hai, kukaa ulipo ndiko salama zaidi, kwa sababu kutoka ni rahisi na kurudi ndiko kunakodai kibali.

Ukikata, soma saa kwa uangalifu. Ndege nyingi za Ghuba huondoka usiku mkubwa. Tiketi ikisema 00:35 tarehe 14, uwanjani unafika saa tatu usiku wa tarehe 13.